Difu Iliyonyamaza Nkwenda

Jumatatu, 10 Juni 2024
Leo nimedanganya, na uongo wenyewe umekubaliwa haraka mno. Ma Dafroza, mwenye ghala ninakobeba magunia hapa Omurushaka, ameuza kipande cha kibanja, shamba la migomba aliloachiwa na marehemu mumewe. Anataka pikapu ya kukusanyia kahawa na ndizi vijijini. Kuna moja Nkwenda, kwa bwana mmoja Kashaija. Alitaka kumchukua Hanifu, fundi wa pale stendi, akaikague. Nikasema asijisumbue, mimi nimefanya kazi gereji Dodoma. Kweli nilifanya. Miezi minane, naosha magari. Hilo la kuosha sikulisema.
Gari likipatikana nitakuwa utingo wake. Nitakaa mbele. Mgongo wangu una miaka arobaini na mitatu, unastahili kiti.

Jumatano, 12 Juni
Nkwenda. Nilipiga matairi teke, yote manne, bila upendeleo. Mafundi husikiliza injini kwa bisibisi ndefu wanayoiegemeza sikioni. Sikuwa nayo. Nikaazima mwiko kwa mke wa Kashaija. Ncha moja kwenye injini, nyingine sikioni, macho nimefumba. Nilisikia injini. Ningeisikia hata bila mwiko.
Tukapanda mlima na magunia matano nyuma. Ilipanda kwa gia ya tatu bila kuhema. Nikamwambia Kashaija akanyage mafuta, aachie, akanyage tena, maana difu mbovu, zile gia za ekseli ya nyuma, hulia hapo. Hayo niliyasikia kwa mafundi wa Dodoma, ndoo ikiwa mkononi. Haikulia hata kidogo. Pikapu ya miaka ishirini na mbili, imetulia kama bwana harusi ukweni.
Tuliposimama juu, nyuma ya gari palinukia ndizi mbivu, kama zile zinazoivishwa shimoni zikisubiri kukamuliwa pombe ya rubisi. Ma Dafroza akauliza harufu hiyo ya nini. Nikamwambia, mama, Karagwe na Kyerwa nzima inanukia ndizi, gari lifanyeje. Kashaija akacheka sana, akaniita fundi. Jina tamu. Ma Dafroza akalipa.

Jumamosi, 15 Juni
Aibu. Tulikuwa tunatoka Kiruruma na mikungu ya watu, Ma Dafroza kwenye usukani (alijifunzia gari la mumewe), mimi nimekaa mbele kama mwenyekiti wa kijiji. Difu ikaanza. Kwanza kama nyuki ndani ya mzinga. Kufika Omurushaka inalia kama mbuzi aliyeona kisu, stendi nzima imegeuka.
Hanifu akalala chini, akafungua nati. Ikatoka oili, halafu uji mweusi wenye nyuzinyuzi. Akaunusa. Akasema, Ma Dafroza, agiza sahani, chakula kimeiva. Kisha akaeleza kwa sauti ya mnada: difu iliyochoka hujazwa ndizi mbivu na oili nzito, inanyamaza siku chache, mpaka pesa ihame mfuko. Sasa meno yamekwisha. Akauliza ni fundi gani aliyelipitisha gari hili.
Nikatazama matairi.
Ma Dafroza akasema, "Niliangalia mwenyewe, Hanifu. Macho ya uzee."
Heri angenipiga kofi.

Jumapili, 16 Juni
Badala ya kukiri nimebuni mpango. Nimeazima koti, nimepanda bodaboda hadi Nkwenda kumtisha Kashaija kwamba nitamfikisha mbali. Nilimkuta ametoka kanisani. Akanipa kiti. Akasema yeye naye aliuziwa hivyo hivyo, ndizi zikiwa ndani, alichofanya ni kuongeza mpya. Kisha akauliza kwa upole kama si mimi niliyesikiliza kwa mwiko nikasema difu ni nzima. Mkewe alikohoa jikoni. Hakikuwa kikohozi.
Sikumtisha. Nimerudi na mkungu wa ndizi, zawadi yake. Nilitaka kuukataa, lakini ulikuwa mkubwa.

Jumanne, 18 Juni
Nimekiri. Tulikuwa tunashona midomo ya magunia, nikamwambia Ma Dafroza yote, hadi ndoo. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, rubisi nimekamua tangu usichana wangu. Ile harufu niliijua palepale. Nikajiambia, mgeni huyu anajua magari, mimi nani nimbishie." Akaendelea kushona.
Nilikosa pa kuweka uso. Pikapu iko kwa Hanifu juu ya mawe, na kile kipande cha kibanja mtu mwingine ameshaanza kukipalilia. Nimeapa kwa jina la mama yangu sitajidai tena kujua nisichokijua. Nimerudi kwenye magunia, na ni haki yangu.

Jioni amekuja Ta Egbert, jirani yetu mwenye duka la chumvi. Amesikia mimi ni mtu wa Singida, na kwamba watu wa Singida wanajua ng'ombe tangu tumboni. Kuna mtamba anauzwa Nyakasimbi, na mzee anaogopa kuuziwa mbovu. Nyumbani kwetu tulifuga kuku wanane. Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini mzee alikuwa amevua kofia, akaniita mtaalamu.
Tunakwenda Alhamisi. Nimemwambia huyo mtamba apandishwe mlimani kwanza, nisikilize magoti.