Mama Mkwe wa Safu ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mtayarishaji katuita ofisini, mimi na mwandishi mwenzangu, Miwani. Msimu ujao kipindi kitabaki na mwandishi mmoja wa vichekesho. Atakayewachekesha zaidi watazamaji wa studio Ijumaa ndiye atakayebaki. Miwani akatabasamu kama paka aliyeachiwa jiko. Nami nikatabasamu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda nikisikiliza rekodi za zamani. Ajabu. Kila mzaha wa Miwani, kuna mwanamke anacheka kabla haujaisha. Kicheko kama mlango usiotiwa mafuta. Wengine wakimsikia nao hawajiwezi. Kwenye mizaha yangu, kimya kama maji ya mtungi. Anasikia nini kule asichokisikia kwangu? Mke wangu kauliza mbona sili. Nikamwambia ninatafiti.

Jumatano, 5 Machi
Fundi sauti kanifungua macho. Mwanamke huyo hukaa safu ya tatu. Ni shangazi yake Miwani. Kumbe!
Nilikasirika. Kisha nikakasirika zaidi kwamba sikuwaza hilo mimi. Dawa ya moto ni moto. Shangazi sina, ila mama mkwe ninaye, tena chumba cha pili. Nikamwendea kwa heshima zote. Akauliza acheke nini. Nikamwambia, maandishi yangu. Akanitazama kwa huruma, akasema atajitahidi.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi sebuleni. Kisa chenyewe: mume kajifungia nje, kavaa taulo tu. Tumekubaliana nikipiga chafya, mama acheke. Anacheka kama mtu anayeng'olewa jino. Tena ana maswali. Mume alitokaje bila ufunguo? Taulo la nani? Nikamsihi acheke tu, asiulize. Akasema sawa, ila angependa kujua.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani katangulia. Shangazi kafanya kazi yake, studio nzima ikacheka.
Zamu yangu. Mume katoka na taulo. Kimya. Nikapiga chafya. Kimya. Nikapiga nyingine. Mama mkwe akasimama, akamwita mwigizaji: "Baba, si upitie dirishani?"
Mwigizaji akasahau maneno yake yote. Akamjibu: "Mama, nikipanda dirishani, hili taulo litabaki?"
Mama akalikagua taulo kwa makini, akatikisa kichwa. Watu waliangua kicheko hadi viti vikalia. Shangazi yake Miwani alifuta machozi kwa mtandio.
Katika yote hayo, langu lilikuwa taulo tu.

Jumamosi, 8 Machi
Mtayarishaji kapiga simu. Nikaanza kushukuru. Akasema nimpe mama.
Miwani anabaki. Mama mkwe atakaa safu ya tatu kila wiki, aulize anachotaka. Mimi nitakuwa nikimpeleka studio na kumrudisha.
Mama kaniomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, mezani unatuvunja mbavu. Ukishika kalamu tu, unakuwa kama mtu aliyeitwa na polisi. Andika unavyoongea."
Nikamshukuru. Mzazi hakosolewi.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari siku nzima. Kosa nimeliona: nilichagua mzazi asiyefaa. Mama anafikiri mno. Baba mkwe, aliyebaki kijijini, ana mapafu mapana, na akicheka majirani hufungua madirisha. Nimempigia simu. Nimemwambia nina kazi ndogo kwake, isiyohitaji kufikiri.
Kauliza ni kazi gani hiyo, na ni nani aliyeibuni.