Kopo la Majarini na Mlingoti wa Mzee Mogga

Jumatatu, 16 Juni 2025

Natangaza rasmi, kwa shajara hii na kwa taifa zima iwapo litauliza, kwamba leo saa nne na dakika kumi asubuhi, hapa Arua, Maabara ya Vipimo ya Amandu imefunguliwa. Maabara ni meza ya jikoni. Vipimo ni kopo moja la majarini, bado linanuka mkate.

Sababu ni woga. Mzee Mogga wa Koboko, mtu wa redio jeshini enzi zake, ndiye aliyenifundisha kuongea hewani, mimi na Anguzu wa Pajulu. Sasa magoti yamemshinda, anataka kuutoa mlingoti wake: mabomba manne ya chuma, ukiyaunganisha yanafika mita kumi na mbili. Atampa mwanafunzi anayejitengenezea vifaa vya kupimia antena. Jana hewani Anguzu akajisifu ana kipimo kipya kutoka Kampala. Mdomo ukaniponyoka. Nikasema mimi nina maabara.

Mzee akajibu kwa sauti ileile iliyokuwa ikitusimamisha juani tulipokosea: “Wewe Amandu iko na maabara? Mimi nakuja Jumamosi, naona.”

Ndipo nikatafuta kopo.

Marcelline, mke wangu, ameniomba kamba ya kuanikia shuka. Nimemwambia achukue waya wowote ulio nyuma ya nyumba. Niko kwenye sayansi.

Jumanne, 17 Juni

Kopo limekamilika! Ndani kuna dayodi moja, kidude cha kugeuza mawimbi kuwa umeme, na sindano ya kipimo niliyoing’oa kwenye redio ya kaseti iliyoharibika. Nje, kipande cha waya. Linakaa uani, redio inatuma, sindano inapanda. Ikipanda sana, antena iko sawa. Ikilala, unakata waya kidogo au unaongeza. Mtoto angeelewa.

Nikafunga kitufe cha maiki kwa mpira, nikakimbia uani. Sindano ilitikisika kama kope ya mtu mwenye homa, ikalala. Antena yangu ni waya wenye mikono miwili, mmoja kuelekea barabarani, mwingine nyuma ya nyumba. Nikakata ule wa barabarani shubiri moja. Nikakimbia ndani, nikakimbia nje. Imelala. Nimekata mara tisa. Marcelline ameuliza, “Baba Rejoice, ni mutu gani anakufukuza?”

Mzee Mogga, mama. Mzee Mogga.

Uamuzi wa maabara: antena ni nzima, juzi ilifika Koboko. Kopo ni bovu.

Alhamisi, 19 Juni

Anguzu kapita na gunia la muhogo. Kachungulia jikoni, kaniita profesa, kauliza kama maabara inatoa chai. Kisha, kwa upole wa kuchukiza, kanikumbusha yule bwana wa Koboko aliyemdanganya Mzee urefu wa waya. Alishikishwa bomba wima, kwa mikono, tangu ibada ilipoanza hadi watu walipotoka kanisani. Nilicheka.

Alipoondoka nikatia betri ya tochi ndani ya kopo, na kitufe kidogo chini, mahali pa kidole gumba. Bonyeza: sindano mpaka mwisho! Achia: imelala. Kazi safi. Tatizo ni kidole. Kinatoka jasho, na mara mbili kimebonyeza chenyewe nikikohoa.

Jumamosi, 21 Juni

Ziara ya Mzee Mogga imefanyika. Matokeo yanachunguzwa. Maabara haitatoa maelezo.

Jumapili, 22 Juni

Tumetoka misa Ombaci. Marcelline kasema mtu aliyepokea komunyo haandiki uongo, hata kwenye daftari. Basi, ilikuwa hivi.

Mzee alifika na Anguzu. Akaingia ndani kwenye redio, akaniweka uani na kopo, akaniambia niite kila sindano ikipanda. Akapaza sauti kutoka dirishani, “Natuma!” Nikabonyeza. “Imejaa, Mzee!” “Natuma!” “Imejaa!” Mara ya tatu niliongeza kwamba sindano inatetemeka kwa nguvu.

Akatoka polepole. Mkononi alikuwa na waya wa umeme wa redio. Hakuwahi kuuchomeka.

Anguzu alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Mzee hakucheka. Alifungua kopo, akatoa betri, akanikabidhi kama mtu anayerudisha jino lako. Akachomeka redio, akatuma kweli, akaangalia sindano. Ikatikisika, ikalala. Nikajitetea kwamba kopo ni bovu. Akasema, “Kopo iko nzima. Wewe ndiyo mbovu.” Akaufuata waya kwa macho, barabarani kwanza, kisha akazunguka nyuma ya nyumba.

Mkono wa nyuma ulikuwa haupo. Ulikuwa kati ya nguzo ya jiko na mkaratusi, umebeba shuka nne na gomesi, gauni lake la sikukuu. Marcelline aliukata Jumatatu kwa kisu cha mboga, kwa ruhusa yangu. Kopo lilinieleza ukweli tangu Jumanne, nami nikalitia betri linyamaze.

Anguzu akasimama kupokea mlingoti. Mzee akamwambia kipimo cha kununua hakihesabiki. Akageukia shuka, akavuta waya. Haukulegea. Akauliza fundo ni la nani. Marcelline akasema, “Ni la mimi, Papa.” Mzee akasema hapa ndipo mabomba yanakuja, kwa sababu mama huyu akisema amefunga, amefunga.

Kwa hiyo mlingoti ni wa mke wangu. Mabomba mawili mawili, nguzo za kuanikia. Yatakuwa huru kwa antena, kasema Marcelline, siku zote ambazo hakuna nguo mbichi.

Hakuna siku kama hiyo katika nyumba hii. Nimewaza misa nzima. Nitamtengenezea kifaa cha kupima kama shuka zimekauka. Kopo ninalo, sindano ninayo, betri Mzee alinirudishia. Ila kitufe safari hii nakitia ndani ya kiatu.