Mzao wa Roger de Brouvel

Jumatatu, 2 Machi 1998

Mvua. Habari kubwa! Chama chetu cha Historia kitaweka jiwe kwenye magofu ya abasia, kumkumbuka Roger de Brouvel, kabaila wa Kinormani aliyewapa watawa kinu chake cha maji. Siku ya uzinduzi, kitambaa kitakachofunika jiwe kitavutwa na mzao wake. Ni nani huyo kama si mimi, Helier Brouvel? Nililetwa hapa Herefordshire kutoka kisiwa cha Jersey wakati wa vita, mtoto wa miaka tisa, kikaratasi chenye jina langu kikining'inia kwenye koti. Muuza nyama bado ananiita "yule mzee wa kisiwani". Nikiwa na babu chini ya nyasi hizi tangu enzi za mfalme Henry, nani ataniita mgeni?

Jumatano, 4 Machi

Balaa! Mwanachama mwenzangu Winifred Tranter naye anadai ni mzao wa Roger, upande wa bibi yake. Amewaambia wanachama kwamba akina Brouvel wa Jersey ni wavua kaa tu. Nilimjibu kwa heshima kwamba bibi yake aliuza mayai. Akasema ni kweli, na mimi niliyala.

Mpango: wote hapa wanategemea muhtasari uliochapishwa wa hati ya Roger ya kutoa kinu, mstari mmoja tu. Nitasoma hati yenyewe. Nitamng'oa Winifred na mizizi yake.

Ijumaa, 6 Machi

Hifadhi ya nyaraka. Mtunzaji, Bwana Gethin, alininyang'anya kalamu ya wino mlangoni kana kwamba nimeingia na kisu. Penseli tu! Kisha akanilazia hati juu ya mto laini, kama mgonjwa. Kipande cha ngozi, kidogo kama kiganja. Muhuri wa nta umevunjika: farasi yupo, mpandaji hayupo.

Kilatini changu bado kizima. Roger anatoa kinu kwa ajili ya roho yake, ya mkewe na ya wazee wake, "kwa kuwa Mungu hakunijalia mtoto".

Hakuna mtoto! Winifred kwisha! Nilipiga meza. Gethin akanikumbusha nilipo.

Jumamosi, 7 Machi

Mkutano. Chai na keki ya tangawizi. Nilisimama, nikasoma tafsiri yangu kwa sauti ya mahakamani. Roger hakuzaa, hivyo hana mzao, hivyo Bi Tranter na aketi.

Niliketi, nikajimiminia chai.

Winifred akakata keki taratibu, akauliza: "Na wewe, Helier mpenzi, ulizaliwa na kile kinu?"

Walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Nilicheka pia, nimechelewa kidogo. Ikaamuliwa kitambaa kivutwe na mwenye shamba, maana kondoo wake ndio wanaolala pale.

Winifred alinirudisha nyumbani kwa gari lake, akanifungia na kipande cha keki. Akasema nisinune. Eti mtu anayegombea magofu yetu kwa ukali huu si mgeni tena, ni mmoja wetu. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nawaza mashahidi waliotajwa kwenye ile hati.

Jumapili, 8 Machi

Jua! Sikwenda kanisani. Nimepitia majina ya mashahidi wa hati, niliyoyanakili kwa penseli. Wa tatu: Alan, ndugu yake Roger. Ndugu! Hakuna popote palipoandikwa kwamba Alan hakuzaa. Kwa nini asiwe na watoto kumi?

Kesho asubuhi narudi kwa Gethin. Ila kwanza nitafute hati ya kuthibitisha kwamba Winifred hawezi kuwa mzao wa Alan. Penseli nimeshachonga.

Keki yake tamu ajabu.