Mvua ya Kila Jumatano

Kitisuru, Jumatano asubuhi

Kwa Mkuu wa Mradi wa Utafiti wa Maji ya Mabonde,

KUH: KUNYANG'ANYWA KIPIMAMVUA

Mheshimiwa, natumai u mzima. Mimi ni Mbaluka, mtunza bustani hapa Kitisuru mwaka wa kumi na tisa sasa. Daktari Wanjugu wa mradi wako, anayechunguza jinsi hali ya hewa na miti inavyoathiri maji ya kijito chetu, alinikabidhi kipimamvua. Mimi nasoma na kuandika daftarini kila asubuhi, yeye anakuja Alhamisi kuchukua maji yaliyokusanyika. Sasa amesema kesho anakiondoa akipeleke Dagoretti Corner. Malalamiko yangu ni haya.

1. Ananishuku. Anasema Januari yote jua liliwaka Nairobi nzima, lakini bustani yangu ilinyeshewa kila Jumatano, milimita kumi kamili. Aliniuliza, "Mzee Mbaluka, hii mvua ilikunyeshea wewe peke yako?"

2. Hajali malezi ya mtu. Kwetu Kitui, mgeni akikuachia chombo chake humrudishii kitupu. Unatia hata mbaazi kidogo. Daktari anatoka mbali kufuata maji, ningemtazamaje akiondoka na chombo kikavu? Nikatia maji, tena yangu ya kunywa, yaliyochemshwa.

3. Amefaidika akanigeuka. Kwa maji hayo alisimama mbele ya wataalamu wenzake akasema miti ya bonde hili huvuta mvua. Akapigiwa makofi. Walipomuuliza kwa nini huivuta Jumatano tu, lawama ikawa yangu. Ieleweke kwamba siku ya Alhamisi aliichagua yeye.

4. Anayesifiwa ni Kimanzi, msomaji wa kipimamvua cha Parklands, aliyemrudishia Daktari, mama wa watu, chombo kitupu wiki tisa mfululizo bila haya.

Kwa hiyo naomba Kimanzi aonywe, na Januari iandikwe kuwa ilinyesha. Niko tayari kuapa kwamba maji yale yalitoka juu, maana niliyamimina nikiwa nimesimama.

Zaidi ya yote, naomba kipimamvua kibaki. Nimeumia, Mheshimiwa. Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza kitu hapa ila kama nimemaliza kufyeka. Daktari ndiye wa kwanza kuandika nilichosema.

Barua hii nitampa yeye mwenyewe akuletee. Wasalimie wote ofisini, na Stacy dereva wenu aliyenipa kofia. Hata Kimanzi, mkionana.

Ni mimi, mwenye uchungu na heshima,
Mbaluka

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mvua ya kweli imenyesha, kutwa nzima. Kipimamvua kimesoma milimita themanini na nne, na sikukigusa. Nikawaza Daktari ameingoja mvua hii miezi mitatu, na kesho akiona themanini na nne ataniita mwongo tena. Basi nimemwaga mpaka zikabaki kumi.