Mawese Kwenye Kitambaa cha Ijumaa Kuu

Leo sura yangu nimeiacha kanisani. Atakayeiokota aniletee nyumbani.

Mnanijua. Kwaresima yote hii mimi ndiye niliyekuwa polisi wa mfungo katika jumuiya yetu hapa Rumonge. Tulikubaliana siku za kufunga tusile mpaka jioni. Jumatano ya Majivu nikamkuta Mama Spes mchana anatafuna ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nyuma ya nyumba yake. Jioni kwenye sala nikamuuliza mbele ya wote, "Mama Spes, hilo tumbo litakupeleka wapi?" Akaendelea kupanga vitabu vya nyimbo. (Sasa naelewa jibu alikuwa analiweka akiba.)

Na Padri alishadokeza kwamba Pasaka atatangaza kiongozi mpya wa jumuiya. Jina langu lilikuwa linatajwatajwa. Nililitaja sana mimi mwenyewe.

Basi leo nimefunga kweli, asubuhi maji tu. Mchana natoka kwenda ibada ya msalaba, jirani yangu Mama Hadija akaniita uani. Yeye ni Mwislamu, na mwaka huu Ramadhani imeangukia ndani ya Kwaresima yetu. Alikuwa anapika futari mapema: samaki mukeke wanono ndani ya mafuta mapya ya mawese.

"Jirani, amahoro. Banza kwanza unionjee chumvi, mimi niko nafunga."

"Na mimi nimefunga, mama."

"Eh, kufunga ya kwenu si iko na maji? Onja tu, usimeze."

Akaenda kuchota maji. Nikaonja. Ulimi haukupata jibu. Nikaonja tena. Nikaona chumvi haijulikani vizuri bila bugali, na bugali ilikuwepo hapo pembeni (kazi ya mtu usiifanye nusunusu). Kuja kushtuka, nimeshika miiba. Nikaondoka kimya kimya.

Kanisani nikakaa mbele kabisa, macho chini, uso wa toba. Wakati wa kubusu msalaba ulipofika, nikatangulia. Na aliyepangwa kufuta miguu ya Yesu kwa kitambaa cheupe kila mtu anapobusu ni nani? Mama Spes.

Nikapiga magoti. Nikabusu taratibu, kwa midomo yote miwili. Nilipoinuka nikaiona midomo yangu imebaki pale miguuni, wa juu na wa chini, rangi ya chungwa. Mama Spes akafuta. Akakitazama kitambaa. Akakinusa.

"Mukeke," akanong'ona.

Huyu mama ni sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mnong'ono wake unafika mlangoni. Mabega ya watu kwenye foleni yakaanza kutikisika, na Padri akatazama dari kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Leteni kitambaa kingine."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini hata ardhi nadhani leo imefunga.

Nje Mama Spes alikuwa ananisubiri. Nikajiandaa kusikia habari za tumbo. Badala yake akanishikisha kile kitambaa.

"Kafue, dada. Kuongoza jumuiya iko na kazi mingi, banza na hii."

Ndiyo maana sasa niko uani nasugua. Sabuni yenyewe ni ya hapa hapa Rumonge, imetengenezwa kwa mawese. Mama Hadija amechungulia.

"Jirani, na ile chumvi? Naona mukeke moja imekosekana."

"Ilikuwa sawa, mama."

Anayetaka kucheka acheke, ila aje na sabuni ya kutoka mbali, isiyojua mawese.