Malalamiko ya Mzee Aliyeachiwa Pombe Yake

Zablon Wangwe,
Ng'ambo ya kisima,
Kehancha.
Jumatano, Agosti 1996

Kwa Mheshimiwa Chifu Gichana,
Kambi ya Chifu.

Mheshimiwa,

KUH: KUACHWA KWA POMBE YANGU KATIKA MSAKO WA WIKI ILIYOPITA

Pokea salamu zangu, pamoja na pole kwa kazi nzito ya kuyalinda matumbo yetu. Mimi ni yule karani mstaafu wa kupima tumbaku. Nakuandikia kwa heshima zote na kwa uchungu mwingi, kwa sababu askari wako walipokuja kumwaga pombe haramu, walimwaga ya kila mtu isipokuwa yangu. Nadai haki sawa mbele ya sheria.

Kwanza nieleze nilivyofika hapa. Zamani mke wangu Helen alikuwa akipika amarwa, pombe yetu ya mahindi na wimbi, mpaka watu wakasahau njia ya kwao. Wazee wa rika langu waliketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, nami mwenye boma nikivuta wa kwanza ili wajue haina sumu. Helen alipobatizwa Sabato, chungu kikawa cha kulowekea nguo. Simlaumu, wokovu ni wokovu. Lakini ua wangu ulinyamaza. Gisiri na Mirumbe, niliotahiriwa nao, wakawa wananisalimia wakiwa njiani kwenda kwa watu wengine. Nikajiuliza, mwanamume mzima aliyepima tumbaku ya tarafa nzima atashindwa na unga? Nikaingia jikoni mwenyewe.

Mheshimiwa, raha niliyoikuta huko siwezi kuificha hata kwa mkono wa serikali. Kuloweka wimbi mpaka ichipue iwe kimea. Kukaanga unga uliochacha juu ya bati mpaka majirani wageuze pua. Kuinama na kutega sikio kwenye chungu, nikikisikia kinanguruma chenyewe bila moto. Helen alisema kinachonguruma ni tumbo langu. Niliinama nikatega sikio tena, kwa sababu sikuwa na hakika.

Sasa malalamiko yenyewe:

1. Askari wako Japheth na Mayaka walifika kwangu wakitokea kwa jirani yangu Mama Bichage, viatu vyao bado vinanuka ushahidi. Nilikuwa nimeshavaa koti na kuaga watu wa nyumbani. Japheth alichota kikombe, akanywa, akatazama juu, akanywa tena kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kisha akamwambia mwenzake, "Wacha hii. Hii ni nyuka tu, uji, tena haina sukari. Twende." Wakaenda. Hawakukipiga chungu hata teke moja la adabu.

2. Mama Bichage, ambaye pombe yake ilitiririka mpaka barabarani, alikuja kunipa pole mimi. Alichungulia chunguni akasema nimekaanga kimea pamoja na unga, na kimea kikishakaangwa kimekufa, hakichachushi kitu. Nilikikaanga kwa sababu kilikuwa kinanukia vizuri. Je, kuna kifungu kinachosema kimea lazima kiwe hai? Ninavyojua, sheria hutazama nia, na nia yangu ilikuwa kulewesha wazee.

3. Hapa kijijini inasemwa kwamba aliyeachwa na askari ndiye aliyewaita. Kwa hivyo nina njia mbili tu za kujitetea: ama mimi ni mpelelezi wako, ama sijui kupika pombe. Gisiri ameamini la kwanza. Mirumbe amelipenda la pili na analisimulia sokoni kwa vitendo. Nilitaka ua wenye kelele, sasa hata mbwa wao hawapiti. Hili linaniuma, Mheshimiwa, nisikufiche. Mtu anaweza kuzeeka bila mali akavumilia, lakini kuzeeka bila watu wa rika lake ni kuzikwa mapema.

4. Helen aliposikia serikali imeonja na kupitisha, aliwapa akina mama wa kwaya Jumamosi baada ya ibada. Mama Chifu, mkeo mpendwa, alikunywa vikombe vitatu akaomba cha kubeba. Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini sikuwahi kuona pombe yangu ikiombewa baraka huku watu wamefumba macho. Kesho wanaondoka na jerikani zima kwenda makambi, mkutano wao wa kanisa, Homa Bay.

5. Jana mama mmoja aliniuliza kama inafaa kumwachisha mtoto ziwa. Hapo ndipo niliposhika kalamu.

Kwa hayo yote, naomba nikamatwe. Iwe siku ya soko, mchana, nikiwa nimebebeshwa chungu kichwani kama washtakiwa wengine, na tupite polepole mbele ya nyumba ya Gisiri. Mbele ya hakimu nitakiri kosa kabla halijasomwa. Kama nafasi ya rumande haipo, basi niandikie onyo kali lenye muhuri, likieleza wazi kwamba pombe ya Zablon Wangwe ni hatari kwa usalama wa raia. Nitalitundika mlangoni.

Nisalimie Mama Chifu, naibu wako, na karani wako anayesoma barua hii kabla yako. Wasalimie pia Japheth na Mayaka. Nimewasamehe wao, ila ndimi zao bado.

Wako mtiifu katika kuvunja sheria,
Zablon Wangwe

N.B. Leo ni Jumapili, na barua hii bado iko mfukoni kwa kuwa ofisi yako ilifungwa. Mambo yamebadilika. Jeff, dereva wa lori la kwaya, amefika asubuhi hii kutoka Homa Bay. Kumbe Helen alitia sukari ili kina mama wafurahi, akamimina ule uji katika jerikani aliloazima kwa Mama Bichage, jerikani ambalo tangu linunuliwe halijafanya kazi nyingine ila kubeba pombe. Likakaa juani makambini. Kwaya ilipangiwa nyimbo mbili, imeimba kumi na moja, na wa mwisho haumo kitabuni. Mama Chifu alipiga vigelegele katikati ya mahubiri. Mzee wa kanisa aliyetumwa kulichunguza jerikani bado analichunguza. Jeff ametumwa kuchukua la pili.

Habari imeenea. Gisiri na Mirumbe wako hapa uani, wamekuja na mirija yao, na Mirumbe amelia kidogo. Mimi pia.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, tafadhali ichane barua hii. Askari wako ni wataalamu na uamuzi wao usimame: kilichokuwa chunguni mwangu ni uji. Naomba uniandikie hivyo leo hii, kwa muhuri, kabla lori halijamrudisha Mama Chifu nyumbani, maana Jeff anasema bado anaimba.