Alama ya Chaki Jukwaani

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametoka sasa hivi kumimina uji ndani ya kiatu changu cha kazini, akaukoroga kwa kijiko, akanikaribisha. Binti yangu huyo, ana miaka miwili. Nimeonja, nifanyeje? Nimesema mtamu.

Naandika kwa sababu wiki hii ndiyo wiki yangu. Kwenye kiwanda cha mashati tuko wawili kwenye majaribio, mimi na Kidoti, na cherehani ni moja. Ijumaa Msimamizi anachagua. Amesema anaangalia kola na anaangalia saa. Atakayechelewa mara tatu asijisumbue kurudi. Na wiki hii hii ndiyo wameamua kung'oa reli waweke mpya! Treni za asubuhi zilikuwa sita, sasa mbili.

Nimefika stesheni. Mama yangu! Watu! Sikujua dunia ina watu wengi hivi, na wote wameoga. Treni imekuja imeshiba mpaka madirisha yana jasho. Mlango umefunguka, hakuna aliyeshuka. Mtu mmoja amepumua, ukafungwa. Kidoti yumo, yuko mlangoni, ananipungia mkono. Ananicheka!

Nimechelewa. Mara ya kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimewahi leo, nilining'inia kwenye behewa la mwisho. Ila si hilo. Nimegundua siri. Mlango wa treni husimama pale pale kila siku! Lidude lile lote, refu kama mtaa, na dereva analileta pale pale kama anatunga uzi kwenye sindano. Mimi kola tu huwa inanikimbia. Huyo mtu ana mikono ya namna gani?

Kwa hiyo kazi ni kusimama mbele ya mlango kabla mlango haujafika. Nimetoka kazini na kipande cha chaki ya kukatia nguo. Nimeinama jukwaani nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikachora kiduara. Kiatu changu hakina kamba. Hakuna aliyeuliza.

Mama mkwe, ambaye ndiye anayebaki na Bosi, ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimesema ni furaha ya kazi. Amenishika paji la uso.

Jumatano, 5 Machi

Nitaliandikaje hili? Nimefika stesheni nikakuta foleni. Foleni! Kwenye kiduara changu! Watu zaidi ya arobaini, wakubwa kwa wadogo, mmoja nyuma ya mwingine, kimya, kama wanangoja chanjo. Juzi walikuwa wanapigana viwiko hawa. Nikamuuliza baba mmoja mwenye mkoba kuna nini. Akanitazama kwa huruma.

"Utaratibu mpya huo, mama. Watu wa reli wameweka alama. Kwani huoni?"

Mlinzi wa stesheni akapita akipiga makofi, anasema hivi ndivyo wastaarabu wanavyosafiri. Na mimi niliyeishia shule ya msingi nimewapanga watu arobaini kwa chaki ya kushonea! Machozi yalinilenga. Nikafungua mdomo niseme alama ni yangu. Baba mwenye mkoba akasema nyuma kule, mama, foleni hairukwi.

Nikaenda nyuma. Wa arobaini na tatu. Waliingia thelathini.

Kidoti alikuwa wa nne. Akatoa kichwa mlangoni, akapunga tena, mkono ule wa kuita kuku. Dharau iliyoje!

Mara ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeingia. Nimeingiaje, sijui. Nilisimama, watu wakaja, nikawa ndani. Vituo vitatu miguu haikugusa chini! Nimebebwa na mabega tu. Nikawaza, kumbe hivi ndivyo Bosi anavyojisikia nikimbeba. Mtu hakujui, anakubeba, na wala hana habari kwamba amekubeba. Nimepoteza kifungo kimoja, nimepata kimoja kisicho changu.

Dirishani nimewaona mafundi wa reli. Kama ishirini, wameinua chuma kimoja kirefu, mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na chuma kinapinda katikati kama uzi. Behewa zima tuligeukia dirishani. Hata aliyekuwa ananikanyaga aliacha.

Kesho ndiyo kesho. Jioni nimeifuta alama ya zamani kwa soli. Nimechora nyingine, kubwa, ina mshale, mbele kabisa ya jukwaa. Wao wataifuata ile, mlango utakuja kwangu. Wanisamehe. Nina mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Wote kwenye mshale. Mimi peke yangu mahali pangu, kama bibi harusi. Kidoti ananiita kutoka kule, mimi natazama mawingu.

Treni ikaja. Wamepunguza mabehewa mawili! Ikanipita, ikanipita, mkia nao ukanipita. Mlango ukasimama kwenye mshale, barabara kabisa. Mbele yangu reli tupu.

Badala ya kukimbia nilibaki nashangaa. Nilichora bila kupima! Imewezekanaje? Ndipo nikatoka mbio nikipiga kelele kwamba aliyechora ni mimi, ni mimi! Mtu akasema vichaa siku hizi wanaamka mapema. Mlango ukaanza kujifunga. Mkono ukatoka, ukanikamata kola, ukanivuta. Kidoti! Amezuia mlango kwa goti, jasho linamchuruzika.

"We dada una nini lakini? Wiki nzima nakushikia nafasi, nakuita, wewe unaninunia!"

Nikatafuta hila yake iko wapi. Mpaka tunashuka sijaiona.

Tumewahi. Msimamizi amezipapasa kola zetu kwa kidole gumba, macho kafumba. Vidole vile vinaona! Cherehani amepewa Kidoti. Halafu Kidoti akamfuata ofisini, akakaa humo muda mrefu. Ananisengenya, hakika. Msimamizi alipotoka akaniita. Amesema kola zangu zimetulia ila miguu yangu haijatulia, lakini kuna cherehani inatengenezwa, kwa hiyo nijaribu wiki moja zaidi.

Wiki nzima! Nimelia kidogo chooni, nimetoka nacheka.

Jumapili, 9 Machi

Kidoti amekuja nyumbani. Amemshonea Bosi gauni la vipande vya mashati. Bosi amemkalia mapajani kama wanajuana tangu zamani. Mama mkwe anamwita mwanangu, mara moja tu kumwona!

Kidoti amesema kesho tukutane kwenye geti la stesheni, tuingie tumeshikana mikono. Eti hana siri yoyote, yeye huwahi dakika kumi tu. Dakika kumi! Nimeitikia, sawa dada, asante. Hanipati. Mtu hawezi kuwahi wiki nzima kwa dakika kumi.

Mimi nimeshapata dawa. Kesho napanda ya kwenda kinyume mpaka kituo cha mwisho, behewa tupu, nachagua kiti, halafu inageuka nami nimekaa kama waziri. Mlinzi ameniambia ile haigeuki, inaingizwa karakana kuoshwa. Nimelifikiria hilo. Najilaza chini ya kiti, najifunika shuka la Bosi, na wakishaanza kuosha mimi

Mama mkwe anaita. Nakuja, mama! Anaita tena, eti Bosi amejifungia chooni. Nilikuwa nasema, wakishaanza kuosha, mimi nita